Mtoto anataka kwenda kujitolea nje: tuanze kumtayarisha akiwa na miaka 14



Kiangazi hiki, katika mikutano ya barabara ya Kasenga, ya Kipushi na ya Kambove, tuliulizwa maswali tuliyozoea: bei ya mbolea, mbegu inayovumilia jua, kiwavi cha mahindi kilichotuingilia tangu mwisho wa 2016. Lakini kuna swali lingine ambalo haliulizwi mbele ya mkutano. Linakuja pembeni, watu wakiisha kusimama, kila mtu anatafuta kinga yake arudi nyumbani. Mzazi anamvuta mmoja wetu chini ya mwembe: "Agronome, mutoto ameona kwa telefone programu ya vijana ya kwenda kujitolea Ulaya. Ni ya kweli ao ni bujanja?"

Tumeona inafaa tujibu kwa maandishi, mara moja kwa wote. Programu za kweli ziko, tena ziko nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Nyingi hazimlipishi kijana hata franka moja. Lakini karibu zote zinaanzia miaka 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14, 15 ao 16 hawezi kuondoka leo. Anachoweza ni kujitayarisha, na matayarisho yenyewe yanakula miaka mitatu ao minne. Mzazi anayengoja mpaka diplome ya serikali itoke ndipo aanze kuuliza, anakuta wenzake wamemtangulia, ao anakuta mjanja ndiye amemtangulia.

Na mjanja huyo si wa hadithi. Tunajua familia iliyouza magunia yote ya mahindi ya msimu, pamoja na yale ya mbegu, ili kulipa "dosye" ya kijana wao. Mtu aliyepokea feza kwa telefone hapatikani tena. Kijana yuko nyumbani, na mvua ilipokuja familia ililima kwa mbegu ya kuomba kwa majirani. Juu ya hiyo tunaomba makala hii isomwe na wazazi na watoto pamoja, si wazazi peke yao.

Walianza kuja kwetu

Wazee wetu wanaijua hii kazi ya kujitolea kwa upande mmoja tu: wageni wanakuja, sisi tunapokea. Mwaka 1958 huko Uingereza lilianzishwa shirika la VSO, na volontere wake wa kwanza walikuwa wanafunzi waliotoka tu kumaliza masomo ya sekondari, vijana wa miaka 18 hivi. Mwaka 1961 Marekani ilianzisha Peace Corps. Hao walifika kwetu 1970, wakakaa mpaka Septemba 1991, wakati wa uporaji wa Kinshasa, ndipo wakaondolewa.

Kazi yao iliyobaki katika kumbukumbu ya wakulima, zaidi sana Bandundu na Kasai, ni ya samaki. Kijana aliyetoka kumaliza universite, mara nyingi mtu ambaye hajawahi kulima hata shamba moja, alifundishwa kwa miezi michache namna ya kuchimba bwawa na kufuga tilapia. Kisha alipewa pikipiki na kutumwa vijijini. Hakuwa na saruji wala mashine. Mkulima alichimba mwenyewe kwa jembe na beleshi, akaweka majani na samadi katika pembe ya bwawa ili maji yapate rangi ya kijani, na baada ya miezi sita hivi alivua. Kwetu Katanga samaki wa bwawa si jambo la kuletwa juzi: kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilikuwa kinachunguza tilapia tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini mabwawa mengi ya wakati ule, yaliyochimbwa kwa amri, yaliachwa baada ya uhuru. Mkulima anakumbuka vizuri kitu alichochimba kwa kutaka kwake.

Tunakumbusha habari hii kwa sababu moja. Wale vijana walioitwa "wataalamu" walijua kilimo kidogo kuliko mtoto wa mwanamemba wetu wa Kasenga, ambaye tangu miaka saba anapalilia, anaweka alama kwenye mstari wa mahindi na anajua muhogo mchungu kwa kuangalia jani. Walichokuwa nacho ni nchi iliyowatuma, karatasi zilizokamilika, na mtu aliyewaambia mapema kwamba nafasi iko. Mtoto wetu anakosa hivyo vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kisichoweza kupatikana.

Milango iliyo wazi

Tuanze na ule mkubwa. Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa Volontere wa Umoja wa Mataifa mwaka 1970, ofisi yake kubwa iko Bonn, Ujerumani. Wengi hapa wanaujua kwa jina la VNU, maana walionekana sana pamoja na MONUSCO. Kuna kundi la vijana wa miaka 18 mpaka 26, na kundi la wenye ujuzi kuanzia miaka 27. Kujiandikisha ni bure, kwa intaneti, na kijana akichukuliwa anapewa posho ya kuishi na bima, na safari inalipwa. Ugumu uko mahali pengine: nafasi zinagombaniwa, na nyingi zinaomba masomo yaliyosonga mbele kidogo pamoja na lugha mbili.

Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, kilichozinduliwa 2010. Ni kwa vijana wa miaka 18 mpaka 35, na wanatumwa katika nchi nyingine ya Afrika kwa mwaka mmoja. Francophonie ina mpango wake tangu 2007, kwa vijana wa miaka 21 mpaka 34. Na kwa kuwa nchi yetu ni mwanachama, vijana wetu wana haki ya kuomba. Ufaransa ina service civique, iliyowekwa na sheria ya 2010, na kijana wa nchi nyingine anaweza kupokelewa kati ya miaka 18 na 25 pale ambapo kuna makubaliano ya kubadilishana.

Ule wa Ujerumani unastahili kuelezwa zaidi, maana namna yake inagusa koperative moja kwa moja. Unaitwa weltwärts. Ulianza 2008, na miaka ya kwanza uliwatuma Wajerumani tu kwenda nchi za Kusini. Watu wakauliza: kwa nini njia iwe ya upande mmoja? Mwaka 2013 mlango ulifunguliwa upande wa pili, na sasa vijana wa miaka 18 mpaka 28 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wanaweza kwenda Ujerumani kutumika kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja: katika nyumba ya wazee, shule ya watoto, shamba la mboga. Nyumba, chakula, bima, safari na feza kidogo ya mfukoni hulipwa. Lakini kijana haombi akiwa peke yake sawa mtu anayetafuta kazi. Anapita kwa shirika la kwao lenye ushirika na shirika la kule. Shirika la kwao ndilo linalochagua, linalotayarisha na linalompokea akirudi. Parokia zinafanya, vyama vya vijana vinafanya. Koperative iliyoandikishwa vizuri inaweza kufanya pia. Tutarudi hapo.

Kwa wale ambao hawajafika miaka 18 mlango ni mwembamba sana. Tunaoujua vizuri ni wa skauti. Mkutano mkubwa wa dunia wa skauti, Jamboree, unafanyika kila miaka minne na ni kwa watoto wa miaka 14 mpaka 17 hasa. Wenye miaka 18 na zaidi wanaenda kama volontere wa kuhudumia mkutano. Wa 2019 ulikuwa Marekani, wa 2023 Korea ya Kusini, na wa 2027 umepangwa Gdańsk, Poland. Tuseme wazi: huo unaomba feza, na familia ya mkulima isiingie deni juu yake. Faida ya skauti iko kila wiki hapa nyumbani, kwa kofia na skafu, bila kupanda ndege.

Kwa nini tunapendelea Tanzania na Zambia

Vijana wengi wakisikia "nje" wanaona theluji. Sisi kama watu wa kilimo tuna maoni yetu, na mtu anaweza kuyakataa. Kijana wa mkulima anayekwenda Ujerumani ataona ng'ombe wa maziwa, ngano, na matrekta ambayo bei ya gurudumu moja inashinda mavuno yetu ya mwaka. Atajifunza nidhamu ya saa na ya hesabu, na hiyo si kitu kidogo. Lakini akirudi Kasenga, mambo mengi aliyoyaona yatabaki kwenye picha za telefone.

Kijana anayekwenda Zambia ao Tanzania anakuta mahindi, muhogo, karanga na maharagwe. Anakuta msitu wa miombo sawa na wetu, udongo mwekundu wenye uchachu sawa na wetu, kiwavi kilekile. Karibu na Lusaka kuna kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kasisi, kilichoanzishwa na Wajesuiti 1974, kinachofundisha wakulima wadogo kulima bila kutegemea mbolea ya dukani. Vitu vya namna hiyo mkulima anaweza kuvirudisha nyumbani kichwani, bila kulipa ushuru Kasumbalesa.

Na mtoto wetu haendi mikono mitupu. Mama wa Katanga anajua tangu zamani kwamba mboga inakubali vizuri juu ya kichuguu, na watafiti wa Universite ya Lubumbashi wameuchunguza udongo huo na kuona sababu: una chokaa na chakula cha mimea kuliko udongo wa pembeni yake. Kijana anayeweza kueleza namna ya kuvunja kichuguu kilichokufa, kuusambaza udongo wake kabla ya mvua, na kulinganisha mstari wenye udongo ule na mstari usio nao, huyo ana somo la kufundisha popote kuna mchwa na udongo mchachu. Kujitolea si kwenda kupokea tu.

Kisha kuna lugha. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha na wale wenzetu. Hapo kijana wa Lubumbashi anajivuna: "Kiswahili niko najua." Ni kweli, lakini ni Kiswahili cha kwetu. Huku tunakula bukari, kule ni ugali. Sombe yetu kule ni kisamvu. Sisi tunaenda masomo, wao shule; sisi tuna feza, wao pesa; na ukimwambia mtu wa Dodoma kwamba umepanda kinga, atashangaa umepanda nini. Ni tofauti za kuchekesha, na kijana anazizoea kwa mwezi mmoja. Lakini barua ya maombi haingoji mwezi mmoja. Inafaa mtoto asome Kiswahili sanifu, aandike, asikilize redio za Tanzania zinazoshika kwetu usiku ao kwa telefone. Kifaransa anakipata masomoni. Kingereza ndicho kinachokosekana, na Zambia iko jirani: mtoto wa Sakania ao Kasumbalesa anaweza kukisikia kila siku sokoni kama mzazi anamruhusu akae na kusikiliza.

Bujanja unavyotambulika

Mtoto anayetafuta kwa telefone maneno "kujitolea nje ya nchi" anakutana kwanza na kampuni zinazouza safari. Zina picha nzuri na bei za dola elfu moja, elfu mbili kwa wiki chache. Nyingi si za uongo, lakini hazikufanywa kwa ajili yake. Zimefanywa kwa vijana wa Ulaya na Marekani wanaolipa ili waje Afrika kufundisha ao kupiga rangi ukuta. Mtoto wetu anaona ile bei na anadhani ndiyo mlango wa kila mtu. Kisha mjanja wa hapa anachukua picha zilezile, anaweka namba yake ya M-Pesa ao ya Airtel Money, anapunguza bei mpaka dola 300, na wazazi wanaona wamepata bahati.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ukiombwa feza ili dosye "ifunguliwe", ondoka. Pasipoti unalipa serikali, picha unalipa mpiga picha. Nafasi yenyewe hailipiwi.

Lakini kanuni hiyo peke yake haitoshi, na hapa tunaomba mama wa mabinti wasome taratibu. Urusi, katika eneo la Tatarstan, kuna mpango unaoitwa Alabuga Start. Ulitangazwa kwa telefone kwa wasichana wa miaka 18 mpaka 22 wa nchi nyingi za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo. Hakuna aliyeombwa feza. Tiketi ya ndege ilikuwa ya bure, kazi ya hoteli ao ya jikoni iliahidiwa pamoja na masomo. Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliandika kwamba wasichana karibu 200 wa Afrika walikuwa wanatumikishwa huko katika kiwanda cha ndege zisizo na rubani, zile za vita. Wengine walisema dawa za kiwandani ziliwawasha ngozi, mshahara ulikatwakatwa, na walikuwa wakichungwa. Walikwenda kwa hiari, wakiwa na karatasi halali.

Tunauliza basi maswali mengine juu ya lile la feza. Kazi yenyewe ni ipi, imeandikwa, na katika mji gani? Nani atamuelekeza kijana kila siku? Pasipoti itabaki mkononi mwa nani? Kuna mtu wa hapa kwetu, ofisi ao parokia yenye mlango tunaoweza kubisha, anayejibu kwa ajili yao? Kuna kijana aliyekwenda akarudi, ambaye tunaweza kuongea naye uso kwa uso? Na kwa nini wanataka wasichana tu, ao wavulana tu? Programu ya kweli inajibu haya bila kukasirika. Mjanja anasema nafasi zinaisha kesho.

Na neno moja juu ya umri. Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18. Mtu anayekuambia kwamba miaka "itapangwa" kwenye karatasi ili binti wa miaka 16 aende, hata kama ni mtu wa kanisa, hata kama ni ndugu, anatafuta mtoto asiye na ulinzi. Usibishane naye, mpeleke kwa wenye sheria.

Karatasi

Hapa njo watoto wengi wa vijijini wanashindwa, wala si kwa akili. Mtoto aliyezaliwa kijijini mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia, tangu ilipobadilishwa 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha kwa ofisa wa hali ya kiraia. Zikipita, inabidi kupitia kwa hakimu kupata hukumu ya kuziba pengo, ndipo cheti kiandikwe. Ni safari, ni siku za kupoteza, na kuna mikono inayonyooshwa njiani. Lakini ukiifanya mtoto akiwa na miaka 14 unaifanya taratibu, kipindi cha kiangazi wakati shamba limelala. Ukiifanya akiwa na 18, barua ya kukubaliwa iko mkononi na imebaki wiki tatu, utalipa kila mtu anayekutisha.

Angalia jina. Tumeona mtoto mwenye majina matatu kwenye bilte ya masomo, mawili kwenye karatasi ya ubatizo, na tahajia nyingine kabisa kwenye kadi ya chanjo. Chagua tahajia moja sasa, na kila karatasi mpya ifuate hiyo.

Pasipoti isichukuliwe mapema mno, maana ina mwisho wake. Bei rasmi imebadilika zaidi ya mara moja: ile ya 2015 ilikuwa dola 185, mwaka 2020 ilishuka mpaka 99. Kwa hiyo uliza bei ya siku ile ofisini, si kwa mtu aliyesimama nje ya lango. Chanjo ya homa ya manjano inaweza kufanywa mapema, kwani tangu 2016 kadi yake inakubaliwa kwa maisha yote. Tanzania inaiomba kwa mtu anayetoka kwetu. Na familia ijue tangu mwanzo kwamba kwa visa nyingi za Ulaya ni lazima kufika Kinshasa, yaani ndege kwenda na kurudi na mahali pa kulala. Uliza shirika linalomtuma kijana kama linalipa hiyo safari pia. La kweli lina jibu.

Shamba dogo na daftari

Mtu anayesoma maombi Bonn ao Addis Ababa hamjui mtoto wako. Anasoma karatasi, na anatafuta jambo moja: huyu kijana amekwisha kuwatumikia watu wengine bila kulipwa? Miaka mingapi? Nani anashuhudia?

Mwaka 1991, Dar es Salaam, wanafunzi wachache wa sekondari walikusanyika nyumbani kwa Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe, wakauliza wanaweza kufanya nini juu ya mambo waliyoyaona yanaharibika mitaani kwao. Ndiyo asili ya Roots & Shoots, ambayo leo iko katika nchi nyingi za dunia. Hawakuanza na safari. Walianza na mtaa wao.

Tunapendekeza kila koperative iwape watoto wa miaka 13 mpaka 17 kipande kimoja, hata cha mita 10 kwa 10 kwa kundi la watoto watano. Wachague wenyewe watakalojaribu: udongo wa kichuguu, mbegu mbili za mahindi kando kwa kando, kupanda maharagwe katikati ya muhogo. Na wawe na daftari. Tarehe ya kupanda, siku za mvua, tarehe ya kupalilia, viwavi vilivyohesabiwa kwa mimea 20, kilo zilizovunwa, bei ya soko siku ile. Mtoto mwenye daftari la misimu mitatu, lenye madoa ya udongo na makosa yaliyosahihishwa, ana kitu ambacho watoto wengi wa mjini wenye kompyuta hawana. Mwisho wa kila msimu komite iandike cheti cha huduma, kwa ukweli: mtoto fulani alifundisha kina mama kumi kuhesabu viwavi, alisimamia bustani ya masomo, alisaidia kuandika hesabu ya stoki. Iweke tarehe, sahihi na kashe ya koperative. Kama kuna kundi la Msalaba Mwekundu karibu, mtoto ajifunze huduma ya kwanza huko, na kadi yake iwekwe pamoja na hizo.

Mabinti tunawataja kwa makusudi. Tukiomba majina ya watoto kwa mafunzo, tunaletewa wavulana tisa na binti mmoja, tena huyo binti ni mtoto wa presida. Wale wengine wako wapi? Wako kisimani, wako sokoni na beseni la nyanya. Binti anayeuza nyanya anajua hesabu ya faida kuliko kaka yake. Mwandikeni.

Koperative yenyewe inapata nini

Mzee mmoja alituambia bila kuficha: "Munafundisha watoto wetu kuondoka. Januari nani atapalilia?" Ni swali la haki. Shamba la mahindi lisilopaliliwa wiki za kwanza halisamehi. Wachimbaji wameshachukua vijana wa kutosha; vijiji kadhaa vya upande wa Kambove na Likasi vimebaki na wazee na watoto wakati wa palizi.

Lakini kijana aliyekwenda machimboni hajaacha barua, hana tarehe ya kurudi, na anachorudisha mara nyingi ni kikohozi. Volontere ana mkataba wenye mwanzo na mwisho, visa yake ni ya huduma ile tu, na shirika lililomtuma linamngoja. Januari yake moja inaweza kubebwa na likilimba ya kazi: familia tano zinazopokezana siku zinaongeza shamba moja kwenye mzunguko wao. Komite ikubaliane na familia hiyo kabla kijana hajaondoka, iandikwe kwenye kitabu, isiachwe iwe deni la mama peke yake. Tunakataa pia ile desturi ya kumfunga kijana kwa ahadi ya kulipa feza asiporudi. Makubaliano mazuri ni ya kazi: akirudi, atoe msimu mmoja wa kufundisha alichoona, katika kipande kilekile cha watoto.

Koperative inayotaka kuwa shirika la kutuma iangalie nyumba yake kwanza. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya vyama vya koperative, ya Desemba 2010, inaomba koperative iandikishwe kwenye rejista, iwe na hati zake na hesabu za kila mwaka. Mshirika wa nje ataomba karatasi hizohizo kabla ya kuongea habari ya kijana yeyote. Kati ya koperative tunazozifuata, chache tu zinaweza kuzitoa mezani leo. Zile nyingine zina kazi ya kufanya ambayo ingefaa kufanywa hata kama hakuna mtoto anayetaka kusafiri.

Kuanzia mikutano ijayo, kabla ya mvua za Novemba, timu yetu itakuja na daftari tupu kwa kila kundi la watoto na mfano wa cheti cha huduma. Presida wa kila komite atayarishe orodha ya watoto wa miaka 13 mpaka 17, mabinti na wavulana, na kando ya kila jina aandike kama ana cheti cha kuzaliwa ao hapana. Na mzazi aliyepokea ujumbe wa programu yoyote kwa telefone aje nao. Asiufute, hata kama ameshaanza kuona haya. Tutausoma pamoja.